Ala Zote Nimepiga Mimi

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Nimeanza rasmi. Albamu ya peke yangu! Wimbo mmoja, dakika thelathini na nane, sehemu saba, hakuna kiitikio. Anayetaka kiitikio akaimbe bafuni.

Jalada nimeshalichora. Jeusi. Nyuma maneno manne tu, kwa herufi nyeupe: Ala zote nimepiga mimi. Nimelitazama nusu saa nzima. Kazi kubwa imekwisha, imebaki kurekodi.

Sababu ya kuacha bendi (naihifadhi hapa kwa ajili ya watakaoandika maisha yangu): kwenye onyesho letu la mwisho nilipiga solo ya gitaa ya dakika kumi na moja. Mapigo saba, halafu kumi na tatu, halafu saba tena kinyumenyume. Muda wote huo binamu yangu, mtoto wa mjomba, mpiga besi, alishikilia noti moja. Moja! Kama mtu aliyesimama kwenye foleni ya benki. Nilipomaliza, ukumbi ulisimama ukampigia makofi yeye. Mzee mmoja wa mstari wa mbele alimfuata jukwaani kumwambia ile noti imemgusa moyo. Nikachomoa waya wangu nikaondoka. Sikugeuka nyuma. Niligeuka mara moja tu, kuchukua koti.

Wameshapata wa kuziba nafasi yangu. Daktari wa meno! Kucha fupi, mikono inanuka dawa, nyimbo za dakika tatu. Wanafanyia mazoezi kwenye chumba cha kusubiria wagonjwa, kliniki ikishafungwa. Roki ya progresivu, muziki wa nyimbo ndefu na mapigo magumu, chini ya bango la namna ya kupiga mswaki.

Sasa jambo lenyewe. Mtangazaji wa kipindi cha muziki cha Jumapili ametangaza kwamba tarehe 17, saa kumi jioni, atapiga albamu moja ya msanii wa hapahapa, mwanzo hadi mwisho, bila kukata. Moja tu. Mwisho wa kupokea ni Jumamosi ya tarehe 16, saa sita mchana. Bendi nao wanapeleka yao. Vizuri sana. Mji mzima utasikia nani alikuwa akimbeba nani.

Jumanne, tarehe 5 Machi

Binamu amekuja kuchukua kifaa chake cha kutyunia gitaa. Kilibaki kwenye begi langu siku ile. Alipoona mashine ya kurekodi juu ya kitanda akasema nikae nacho tu mpaka nimalize. Huruma ya namna hii siiwezi. Nikamwekea mkononi. Akaniuliza sasa Profesa utatyuni na nini. (Ananiita Profesa tangu nipate shahada ya falsafa. Yeye anaona ni mzaha. Mimi naona ni suala la muda.) Nikamjibu, na masikio. Akasema haya, ukizidiwa niite.

Nizidiwe na nini? Simu nayo inaweza kutyuni, najua. Watoto wanaojifunza wimbo wao wa kwanza hutyuni kwa simu.

Jioni: nimezidiwa kidogo. Nyuzi zinapatana zenyewe kwa zenyewe, lakini zote kwa pamoja zinahama. Asubuhi ziko huku, alasiri ziko kule. Inatakiwa noti moja isiyosogea. Nikakaa chini, nikafumba macho, nikasikiliza.

Friji!

Friji yetu iko ukumbini, mbele ya mlango wangu. Inavuma noti moja tangu niko shule ya msingi. Si noti ya watu wote, iko chini kidogo, imejitenga. Nikakaribia kulia. Albamu nzima itasimama juu ya noti hiyo. Wao wanatyuni kwa kifaa cha betri ndogo ya saa. Mimi natyuni kwa nyumba niliyokulia.

Jumamosi, tarehe 9 Machi

Sehemu ya kwanza hadi ya nne zimekamilika. Gitaa mimi, besi mimi, kinanda mimi, ngoma mimi (sanduku la nguo, godoro, sufuria mbili). Sehemu ya tatu ilinichukua majaribio thelathini na moja. Hairudiwi tena hata kwa amri ya serikali.

Nimebandika masharti ya nyumba ukutani. Hakuna ndala. Hakuna pasi. Hakuna simu ukumbini. Hakuna kuguna. Mama aliyasoma yote amevaa miwani. Ni karani wa mahakama, mwaka wa ishirini na sita sasa, anasoma kila kitu mpaka nukta ya mwisho. Akauliza kama kupumua kunaruhusiwa. Nikamwambia kati ya sehemu na sehemu. Akasema ameshuhudia wengi wakihukumiwa lakini hajaona masharti kama haya, na wao angalau walikuwa wameiba.

Nilimsikilizisha sehemu ya pili. Dakika ya tisa aliniuliza kwa adabu kama wimbo umeshaanza. Nikasema unakaribia kwisha. Akasema alhamdulillahi.

Nikamweleza kwamba sehemu ya sita inaanza na ukimya wa dakika nne. Ukimya wangu, nimeutunga mwenyewe. Hakuna gitaa, hakuna ngoma, msikilizaji anabaki na nafsi yake. Mama akasema hiyo ndiyo sehemu atakayoipenda.

Watu wasio na masikio unawahurumia tu.

Jumatatu, tarehe 11 Machi

Asubuhi kazini. Nasahihisha prufu kwenye kiwanda cha uchapaji, kadi za harusi na kalenda za shule. Leo nimepitisha kalenda yenye Februari ya siku thelathini. Nilikuwa nahesabu mapigo.

Mchana nimerekodi sehemu ya tano kwa mkupuo mmoja. Haijawahi kutokea! Hata friji niliisikia imekuwa laini zaidi, tamu zaidi. Masikio yangu yamekomaa.

Jumanne, tarehe 12 Machi

Msiba.

Sehemu ya nne inaishia kwenye noti ndefu. Sehemu ya tano inaipokea palepale, kama watu wawili wanaopokezana mzigo. Leo nimeziunganisha, na mzigo umedondoka. Si noti ileile. Si noti ya jirani yake. Iko katikati, mahali ambapo hakuna noti. Ni sauti ya mtu aliyekanyagwa kidole akiwa katikati ya sala.

Nikaituhumu mashine. Nikazituhumu nyuzi, hali ya hewa, binamu. Nikaanza kuhisi huenda ni hila ya daktari wa meno.

Wakati wa chakula cha mchana Mama alikuwa anatabasamu. Si kawaida yake. Akaniuliza kama sijagundua kitu. Nikasema nimegundua kwamba maisha yangu yamekwisha. Akasema hapana, ukumbini. Juzi Jumapili, nilipotoka kwenda kununua nyuzi, alimwita fundi wa mafriji. Fundi akatoa ile kompresa ya zamani, mashine inayovuma nyuma ya friji, akaweka nyingine isiyopiga kelele, ili mtoto wake arekodi kwa utulivu. Na mimi nisiambiwe, iwe zawadi.

Nikaenda ukumbini nikabandika sikio kwenye mlango wa friji. Noti mpya. Juu zaidi. Inatabasamu.

Nikamwambia Mama asante. Akasema usilie basi mwanangu, ni friji tu.

Tathmini ya hali. Zimebaki siku tatu na asubuhi moja. Sehemu nne ziko kwenye noti ambayo haipo tena duniani. Kuzirudia haiwezekani (rejea majaribio thelathini na moja). Kumpigia binamu simu haiwezekani zaidi. Basi imebaki njia moja ya busara: friji iugue tena.

Jumatano, tarehe 13 Machi

Nimeiugulisha. Kwanza kamusi kubwa chini ya mguu wa kushoto, ielemee upande mmoja. Ikashusha noti kidogo. Nikaongeza sufuria mbili za maji ya moto ndani, nikafunga mlango. Ikatetemeka, ikakoroma, ikapanda, ikashuka, ikagongagonga kama mtu aliyefungiwa chooni. Noti zote ilitoa isipokuwa yangu.

Mama akarudi kutoka kazini akafungua kuchukua maziwa. Yalikuwa tayari kwa chai. Alichukua kalamu akaongeza sharti kwenye karatasi yangu ukutani: Hakuna kupika ndani ya friji.

Nikamwita fundi. Akaja na mfuko wake wa zana, amechomeka shati. Nikamweleza kwamba nataka airudishe friji kwenye ugonjwa wake wa awali. Akaniomba nirudie. Nikarudia. Akakaa juu ya mfuko wa zana. Akasema miaka thelathini watu wamemwomba afufue, afufue haraka, afufue kabla wageni hawajafika. Wa kumwomba aue ni mimi wa kwanza. Binti, akasema, mimi natibu. Nikamweleza kuhusu mapigo saba, na noti iliyojitenga, na mzigo uliodondoka. Akauliza kama kuna mtu mzima nyumbani anayeweza kuzungumza naye.

Basi nikamwomba ile kompresa ya zamani tu, nitaipa kazi mwenyewe. Haiwezekani, akasema, ipo kazini. Haikuwa imekufa, ilikuwa na makelele tu. Ameifunga kwenye friji ya dawa kule kliniki ya meno. Daktari alimwambia kelele si tatizo, wagonjwa wake wenyewe hupiga kelele zaidi.

Nimesoma falsafa miaka mitatu. Hakuna sura iliyonitayarisha kwa hili. Noti yangu iko mikononi mwa adui!

Alhamisi, tarehe 14 Machi

Mpango: kwenda kliniki kama mgonjwa, kutyuni, kutoroka. Mpango safi. Nilijifunga shavu kwa kitambaa.

Nesi wa mapokezi akaniuliza kwenye mfuko mrefu kuna nini. Nikasema nguo. Akasema za nani, twiga?

Nilipoketi, nikaisikia. Nyuma ya mlango mweupe. Noti yangu! Nywele zikanisimama. Nikatoa gitaa polepole, nikainama, nikatyuni uzi mmoja baada ya mwingine. Dakika tano. Mzee mmoja mwenye shavu lililovimba aliomba nipige wimbo anaoujua, umsahaulishe maumivu. Nikamwambia sipigi nyimbo ambazo watu wanazijua. Akasema hata huu ulioanza si mbaya. Nilikuwa bado natyuni.

Nikasimama niondoke, mlango ukafunguliwa. Daktari mwenyewe. Alinishika mkono kwa mikono miwili, akasema eti wamekuwa wakitamani nifike, binamu haachi kunitaja. Naamini. Akaniingiza ndani. Ningefanya nini? Nilikuwa nimejifunga shavu.

Nikamwonyesha jino la juu, kushoto. Akachungulia, akasema la juu kushoto ni zima, hongera, ila chini kulia kuna tundu ambalo anashangaa ninalalaje nalo. Akaliziba. Nilitaka kumdharau lakini alikuwa ameshanidunga ganzi, na dharau ya nusu mdomo haitoki vizuri. Inatoka mate.

Nikarudi nyumbani kwa miguu, saa saba mchana, jua la utosi, nusu saa nzima. Nilipofika, nyuzi zote zilikuwa zimelegea. Hata moja haikubaki mahali pake.

Imebaki kesho.

Ijumaa, tarehe 15 Machi

Kama noti haiwezi kuja nyumbani, albamu itaifuata. Nimebeba kila kitu kwa safari tatu: mashine, spika, gitaa, besi, kinanda, sanduku la nguo. Godoro nimeliacha. Lazima kila msanii ajinyime kitu.

Nilikuwa nimeandaa uongo wa kitaalamu, kwamba nafanya utafiti wa mwangwi katika majengo ya afya. Daktari alisema karibu kabla sijafika kwenye neno mwangwi.

Lakini niliwakuta wote pale. Bendi nzima, vyombo vimepangwa, waya zimechomekwa. Ijumaa kliniki hufunga saa tisa, na hii ndiyo siku waliyobakiza kurekodi wimbo wao wa mwisho, ule mkubwa. Nikamweleza daktari shida yangu ya noti kwa ufupi (dakika ishirini). Akafikiri. Akachukua kifaa cha binamu, akakiweka kwenye mlango wa friji ya dawa, akabonyeza kitufe kidogo cha pembeni mara kadhaa. Sindano ya kifaa ikasimama katikati. Akasema basi, kimeshaikumbuka noti yako, dada. Chukua, katyuni nyumbani kwa raha zako.

Kitufe!

Nikamwambia sanaa haifanywi kwa vitufe. Akasema ni kweli, samahani.

Binamu akamtazama daktari, daktari akamtazama mpiga drams, mpiga drams akatazama saa. Kisha binamu akasema, haya jamani, mpisheni Profesa. Wakasogeza vyombo vyao ukutani.

Tukaanza. Yaani nikaanza. Waya wa spika ulikuwa umelegea, daktari akaushikilia kwa vidole viwili saa mbili nzima, amepiga magoti. Mpiga drams aliketi sakafuni akaegemea mlango usilie. Binamu alisimama mbele yangu akihesabu mapigo kumi na tatu kwa vidole, juu, mahali ninapoweza kumwona. Sikuwa na haja naye. Nilitazama mara chache. Mara arobaini hivi.

Nikarudia sehemu ya tano. Ilipofika sehemu ya sita, ukimya wangu wa dakika nne, wote wanne tukaganda. Nesi aliyekuja kuchukua mkoba wake naye akaganda, mguu mmoja ndani, mmoja nje. Hakuna aliyepumua. Friji tu, nyuma ya mlango mweupe.

Ilikuwa nzuri. Sikuwaambia.

Nimemaliza sehemu ya saba jua likizama. Wao hawakupata hata dakika kumi za kurekodi. Ndivyo walivyo watu wasio na ratiba.

Jumamosi, tarehe 16 Machi

Nimemkabidhi mtangazaji kazi yangu saa tano na dakika hamsini. Akasoma nyuma ya jalada, akauliza kama kuna yeyote wa kushukuru hewani. Nikamwelekezea kidole kwenye yale maneno manne.

Nikabaki mapokezi niwaone wenzangu wakiingia na kijialbamu chao. Saa sita ikafika. Hawakutokea. Saa sita na robo, hawapo.

Wamekimbia! Wamesikia sehemu ya saba kwa masikio yao, wakajua hawaniwezi.

Binamu amepiga simu kuuliza kama niliwahi. Nikasema niliwahi. Akapiga yowe la furaha mpaka nikaondoa simu sikioni. Anaigiza vizuri, lazima nikiri. Angekuwa na kipaji hicho kwenye besi.

Jumapili, tarehe 17 Machi

Mama alialika watu bila idhini yangu. Binamu, mpiga drams, daktari na biskuti zisizo na sukari, na fundi wa mafriji, amevaa koti. Wote sebuleni, wameizunguka redio kama mgonjwa aliyezinduka.

Saa kumi kamili. Dakika thelathini na nane, bila kukata. Mapigo saba yangu. Kumi na tatu yangu. Sehemu ya nne ikaipokeza ya tano na hakuna kilichodondoka. Mama alitega sikio, amefumba macho, na hakuuliza kama umeshaanza. Dakika ya ishirini na saba, ukimya. Sebule nzima ikatulia, daktari na biskuti mdomoni. Kisha sehemu ya sita iliyobaki, ya saba, mwisho.

Mtangazaji aliporudi, sauti yake ilikuwa imelowa. Nikasimama. Nilitaka nimpokee nikiwa nimesimama.

Akasema amesikia magitaa mengi maishani, na hili nalo lina noti nyingi. Lakini, akasema, jamani, ni nani yule wa dakika ya ishirini na saba? Wenzake wote wamenyamaza, yeye kabaki peke yake, noti moja, dakika nne, hatetereki, hajionyeshi. Mpiga besi wa namna hiyo anatokea mara moja katika kizazi. Ule, akasema, ndio unyenyekevu.

Wasikilizaji tisa walipiga simu. Wanane walimuulizia mpiga besi. Wa tisa aliuliza taarifa ya habari ni saa ngapi.

Fundi akainuka, akampa Mama mkono, akatoa leso akajifuta macho. Akasema miaka thelathini, hajawahi kusikia kazi yake redioni. Binamu alicheka mpaka akateleza kwenye kochi. Si mimi safari hii, Profesa, alikuwa akisema sakafuni, naapa, si mimi! Daktari akaahidi kesho asubuhi, kabla ya yote, atakwenda kuipa friji hongera. Mama akasema aliniambia mapema kwamba hiyo ndiyo sehemu atakayoipenda.

Nimeingia chumbani nikafunga mlango. Nimefikia uamuzi. Nimevunja uhusiano na friji, ile ya kliniki na hii ya ukumbini, zote. Unamwinua mtu, unamjengea albamu nzima, naye anangoja unyamaze kidogo tu ajitokeze mbele. Ni yaleyale ya bendi. Nimezungukwa na wapenda makofi.

Binamu ameacha kile kifaa chake mezani, na kikaratasi chenye mshale unaoelekea kwenye kitufe. Nimekitia kwenye droo, chini ya soksi.

Albamu ya pili inaanza kesho. Wimbo mmoja, dakika hamsini na mbili, hakuna ukimya hata sekunde moja. Jalada nimeshalichora, jeusi, maneno manne yaleyale. Na noti nimeipata. Pampu ya maji ya jirani, ng'ambo ya ukuta. Nimeisikiliza saa nzima kupitia dirisha. Noti moja, imara, haina majivuno, imekuwa ikiunguruma hivyohivyo miaka na miaka. Hiyo ninaweza kuitegemea.

Jirani amemwona fundi akitoka kwetu, amemwita pale ukutani waongee kidogo. Wanaitazama pampu. Sijui watu hawa huwa wana nini cha kuongea.